Kishindo cha kibonyezo: kunasa sauti za mtambo kwenye piano laini

Chukua piano ya kusimama, ning'iniza kitambaa kati ya nyundo na nyuzi, sogeza mikro (kipaza sauti) hadi shubiri moja kutoka kwenye nyundo, kisha bonyeza noti moja tu, polepole. Ukiivaa hedifoni utagundua kwamba noti ile si sauti moja. Inaanza ngozi ya kidole ikigusa kibonyezo. Mbao inajinyanyua ndani, karibu haisikiki. Nyundo inagusa, mlio unafunguka, na nyuma yake kidogo tu inakuja "pu" ya kibonyezo kufika chini kwenye felti yake, kile kitambaa cha sufu iliyobanwa. Kidole kikiondoka, kizimio, kile kipande kinachounyamazisha uzi, kinarudi kuukalia kwa pumzi fupi, nyundo inarudi kuegemea reli yake, kibonyezo kinapanda na kutua. Ni sauti sita au saba kwa noti moja.

Wengi hapa Lubumbashi wanaotengeneza muziki wa namna hii, ule wa kusikilizwa usiku mji umetulia, wanautafuta ukaribu kwenye mlio. Wanachagua mlio mzuri, wanaupaka mwangwi, na bado piano inasikika iko mbali, kama iko nyuma ya kioo. Ukaribu unakaa kwenye vile vishindo vidogo. Ila vina sharti lisilo na msamaha: kila kishindo kiwe na sababu yake, wakati wake na mahali pake. Kishindo kisicho na mkono nyuma yake kinakataliwa na sikio hata la mtu asiyejua piano ina nini ndani.

Tueleweshane kwanza kuhusu kitambaa, maana watu husema felti inaongeza vishindo. Haiongezi hata kimoja. Inapunguza mlio, na vishindo vinabaki vilevile. Tuseme kitambaa kimeshusha mlio kwa desibeli 12. Wewe unapandisha geini (ukuzaji wa sauti) kwa desibeli 12 ili mlio urudi ulipokuwa, na vishindo ambavyo havikuguswa na kitambaa vinapanda navyo, mara nne kwa kipimo cha wimbi. Ndiyo maana piano iliyokuwa inasikika safi kabisa kanisani inageuka ghala la mbao linalotikisika ukiinasa kwa karibu na kwa ulaini. Kasoro zote zilikuwemo, zilikuwa zimefunikwa.

Kwa hiyo kazi inaanza na bisibisi, mikro baadaye.

Lubumbashi ina shida yake mahususi. Mvua inaanza karibu na Novemba na kwenda hadi Machi au Aprili, halafu inakuja miezi mingi mikavu, baridi kali ya asubuhi mwezi wa 6 na wa 7, na vumbi jekundu linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Mbao inavimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa ukavu. Ikinywea, skrubu zilizokazwa vizuri mwezi wa 1 zinakuwa zimelegea mwezi wa 8 bila mtu kuzigusa. Skrubu iliyolegea kwenye mguu wa nyundo inatoa "kt" kavu, kali, ya chuma na mbao, na hiyo kamwe haigeuki kuwa sauti nzuri. Wakati wa mvua ni kinyume chake: vitambaa vyekundu vinavyobana pini za vibonyezo vinavimba, kibonyezo kinapanda kivivu au kinakwama juu juu, na kishindo cha kurudi kinachelewa.

Sisi tunatenganisha hivi: sauti ya felti, ngozi na mbao inayogusa felti tunaitunza. Sauti ya chuma kwa chuma, chuma kwa mbao, na kitu chochote kinachotikisika baada ya noti, tunaiondoa kabla ya kurekodi. Mlio wa bawaba kwenye pedali unaweza kupendeza mara ya kwanza. Mara ya arobaini ndani ya wimbo mmoja unamtoa msikilizaji nje ya nyumba.

Fungua kifuniko cha juu, toa ubao wa mbele. Kaza skrubu za miguu ya nyundo moja baada ya nyingine, 88, kwa bisibisi inayoingia vizuri kwenye mfereji. Unasimama pale inapokataa, bila kutumia nguvu ya bega, kwa sababu mbao kavu inapasuka. Kaza pia skrubu kubwa zinazoshika mtambo wote, yaani nyundo, vizimio na viungo vyake, kwenye mihimili yake. Halafu pita na kidole kwenye kila kibonyezo ukitafuta mchezo: kibonyezo kinashuka milimita moja au mbili kabla nyundo haijajitikisa. Huo mchezo unatokana na nafasi kati ya kile kijiti kinachosukuma nyundo na kitako cha nyundo chenyewe, na kijiti kinapoifikia ngozi ya kitako kinagonga. Mkono mzito hausikii, mkono mwepesi unasikia kila mara. Dawa yake ni ile skrubu yenye kichwa cha mviringo iliyo upande wa nyuma wa kibonyezo: ipandishe robo zungusho hadi nyundo ianze kutetemeka, kisha irudishe kidogo sana. Ukiipandisha kupita kiasi, kijiti hakirudi chini ya kitako na noti ya pili haipigi.

Hapa pana jambo linalowatega hata wapigaji wazuri. Pedali ya kushoto kwenye piano ya kusimama haisogezi mtambo pembeni kama kwenye piano ya mkia, ile kubwa ya kulala. Inasogeza nyundo zote karibu na nyuzi ili zipige kwa safari fupi, na kwa kufanya hivyo inaacha nafasi palepale ulipotoka kuiziba. Mtu anataka ulaini, anakanyaga pedali ya kushoto, na piano nzima inaanza kutoa "kt, kt, kt". Kama una kitambaa, iache pedali ya kushoto. Ulaini utafute kwenye kidole.

Pedali zinazolia: tafuta mahali ngozi inaposuguana na mbao au springi inapokalia tundu lake, weka poda ya talki kwenye ngozi na grisi kidogo sana, kiasi cha kichwa cha kiberiti, kwenye chuma. Usipulizie ndani ya mtambo yale mafuta ya kopo ya kulegeza kutu. Yananyamazisha leo, halafu yanaingia kwenye vitambaa vya pini, vinavimba na kunasa vumbi, na baada ya miezi michache nyundo zinarudi kwa uvivu. Fundi atalazimika kubadilisha pini moja moja.

Ndani ya kipindi cha ukavu weka chini, nyuma ya ubao wa chini, chupa ya mdomo mpana yenye sponji iliyolowa, mbali na fito za pedali, na uiongeze maji kila wiki. Ukipata kipima unyevu, lenga kati ya asilimia 40 na 60, na zaidi ya namba yenyewe angalia isiyumbeyumbe. Na ukifungua chini ya vibonyezo utakuta sarafu, kalamu, pini za nywele, mara nyingine felti iliyotafunwa na nondo. Sarafu moja chini ya kibonyezo cha noti ya la (A) ya katikati inatosha kuharibu rekodi ya siku nzima.

Kitambaa chenyewe

Piano nyingi za kusimama zina pedali ya katikati inayoshusha utepe wa felti mbele ya nyuzi ili majirani walale. Felti ile kwa kawaida ni nene mno kwa kurekodi, mlio unabaki kama mtu anayegonga mto. Fungua reli yake, toa ile felti, weka kitambaa chako. Kama hakuna reli, tengeneza ufito wa mbao wa sentimita 125 kwa 2 kwa 1, ubane kitambaa kwa misumari midogo ya kichwa kipana na uulaze juu ya mihimili ya mtambo. Vibonyezo vyote 88 vinachukua karibu sentimita 122, kwa hiyo urefu huo unatosha.

Felti ya sufu ya milimita 1 hadi 2 ndiyo inayotoa ule mlio wa mviringo ambao watu wanautafuta. Flaneli ya mara mbili inakaribia. Pamba nyembamba, hata kipande cha kitenge kilichofuliwa mara nyingi, inaacha ncha ya pigo isikike zaidi, na kwa wimbo wenye noti nyingi tunaipendelea kuliko felti, kwa sababu felti inazivuruga. Kitambaa cha nailoni au polista usijaribu: kinakwaruza kila nyundo inapokigusa, na mkwaruzo ule uko juu kwenye kilohezi kadhaa, mahali ambapo sikio halisamehe.

Vipimo viwili vinaharibu kazi za wengi. Cha kwanza ni urefu wa kwenda chini. Kwenye piano ya kusimama vizimio viko chini ya mahali nyundo inapopiga. Kitambaa kikishuka hadi huko kinakaliwa na vizimio: noti hazizimiki vizuri, na unapokanyaga pedali unasikia kitambaa kikivutwa. Kiishie kidogo tu chini ya mstari wa nyundo. Kwa kuwa upande wa besi nyuzi zimekwenda mshazari na mstari huo unabadilika, kata besi peke yake na upande wa juu peke yake, usikate utepe mmoja ulionyooka.

Cha pili ni unene. Kijiti kinaiachia nyundo ikiwa imebakiza kama milimita 3 kufika kwenye uzi, na inamalizia safari kwa mwendo wake wenyewe. Weka kitambaa cha milimita 4 na nyundo inafika kwenye kitambaa kabla ya kuachiwa. Unabonyeza polepole, na badala ya mlio unapata "buf": nyundo imesukumwa kwenye uzi na imeubana. Ukiona noti laini zinakufa huku noti za nguvu zinalia vizuri, usimlaumu mpigaji wala mikro. Punguza kitambaa.

Mikro, chumba, saa

Kwa piano ya namna hii kelele ya ndani ya mikro yenyewe ni jambo la kwanza. Tafuta mikro ya aina ya kondensa ambayo kelele yake imeandikwa chini ya desibeli 10 kwenye karatasi yake. Rode NT1, kwa mfano, imeandikwa 4.5. Mikro za kuimbia jukwaani zinahitaji geini nyingi mno kwa sauti ndogo hivi, na unachokipata ni mvumo wa kadi ya sauti. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, kilele kikikaa kati ya desibeli −18 na −12. Hakuna haja ya kukaribia sifuri.

Tunaweka mikro mbili mbele, ubao wa mbele ukiwa umetolewa, kila moja upande wake wa kichwa cha mpigaji, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye nyundo, zikiachana kama sentimita 60. Hizi zinasikia mtambo. Ya tatu inakwenda nyuma ya piano, sentimita 30 kutoka kwenye ubao wa mlio, sio katikati kabisa. Hii inasikia mwili wa mlio na karibu haisikii vidole. Mizani kati ya mbele na nyuma ndiyo inayokupa ukaribu unaoutaka: nyuma zaidi, mpigaji yuko chumba cha pili, mbele zaidi, umekaa naye kwenye benchi. Ni bora sana kuamua kwa mizani hiyo kuliko kuongeza vishindo baadaye.

Lakini ubao wa mlio unaposukuma hewa mbele, unaivuta nyuma. Kwa hiyo geuza polariti ya mikro ya nyuma, yaani wimbi lake liwe juu chini, na usikilize besi: upande wenye besi iliyojaa ndio sahihi. Kisha panga muda. Kwa kilohezi 48, yaani vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde, sampuli (kipimo) moja ni kama milimita 7 za hewa. Mikro ya nyuma ikiwa mbali kwa sentimita 30 zaidi ya za mbele, isogeze mapema kwa sampuli 42 hivi na umalizie kwa sikio. Usipopanga, "pu" ya kibonyezo inagawanyika mara mbili na inakuwa laini kama kitu kilichofungwa kwenye gunia.

Ivute piano kutoka ukutani, angalau nusu mita. Nyumba zetu nyingi ni tofali za kuchoma, sakafu ya saruji na mabati juu, mara nyingi bila dari. Saruji ina faida: kishindo cha pedali hakisafiri sana kama kwenye sakafu ya mbao. Mabati hayana faida yoyote. Tundika mablanketi mawili mazito nyuma ya mpigaji na simamisha godoro nyuma ya piano, upande wa pili wa mikro ya nyuma. Chini ya kila mguu wa stendi ya mikro weka kipande cha sponji cha sentimita 5; bila hicho, mguu wa mpigaji unapanda kupitia chuma na kuleta mpigo wa chini ya hezi 40 ambao spika ndogo hazionyeshi na spika kubwa zinautapika.

Kuhusu saa, usiku kati ya saa saba na saa kumi ni bora, isipokuwa wakati wa mvua ambapo vyura na nyenje hawalali. Miezi mikavu ni mizuri kwa ukimya na mibaya kwa mbao. Chagua mwezi wa 5, kabla mbao haijanywea sana. SNEL, shirika la umeme la Kongo, ikikata usiishangilie haraka, kwa sababu jenereta ya jirani inawaka dakika mbili baadaye. Ila rekodi kwa betri ya kompyuta na kadi inayokula umeme wa USB hata kama umeme upo, na ule mvumo wa hezi 50 utaondoka wenyewe. Friji ya nyumba inahitaji adabu kidogo: "Mama, tunaomba friji ipumzike nusu saa, tukimaliza tunaiwasha sisi wenyewe." Halafu kweli muiwashe.

Mpigaji akate kucha hadi nyama ya kidole itangulie, avue pete na saa, asivae koti la nailoni, akae kwenye benchi la mbao lililokazwa na si kiti cha plastiki. Soksi, si viatu. Pumzi zake ziache. Na kabla ya noti ya kwanza rekodi dakika nzima ya chumba kitupu, mpigaji akiwa amekaa palepale, bila kucheza. Dakika hiyo utaihitaji kila utakapokata kitu.

Ukiwa huna piano

Wanamuziki wengi wa Katuba, Kenya au Ruashi, komini za hapa Lubumbashi, wanafanya kazi kwa kibodi ya kanisani na kompyuta, na hapo ndipo vishindo vya uongo vinapoingia. Makosa ni yaleyale: kishindo kimoja kinachorudiwa, kwa wakati mmoja, kwa nguvu moja.

Anza na wakati. Anders Askenfelt na Erik Jansson, watafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha KTH huko Stockholm, Uswidi, walipima kwenye piano ya mkia ni lini kibonyezo kinagonga chini na ni lini nyundo inagusa uzi. Ukipiga kwa nguvu, kibonyezo kinafika chini kabla kidogo ya nyundo kugusa uzi. Ukipiga laini, kinafika baada, hadi milisekunde 10 na ushee. Kwenye piano ya kusimama usizichukue namba hizo kama sheria, lakini mwelekeo wake utauona ukitazama mawimbi. Hili ndilo linalofanya noti laini isikike laini: mlio unatangulia na mbao inafuata. Kifurushi cha sampuli (noti za piano zilizorekodiwa tayari) kinachoweka kishindo mbele ya kila noti kinamwambia msikilizaji kwamba mtu anapiga kwa hasira, halafu mlio unamwambia anapiga kwa upole. Sikio linashika huo uongo.

Ukiweza kuazima piano kwa saa mbili, rekodi vishindo vyako mwenyewe. Banza blanketi zito kwenye nyuzi zote ili zisilie. Usirekodi vibonyezo vyote. Kila cha tatu, kuanzia cha kwanza hadi cha 88, vinatoka 30. Kila kimoja kwa nguvu mbili, laini na ya kati, mara nne kila nguvu: vishindo 240 vya kushuka. Kwa vishindo vya kurudi, bonyeza polepole sana hadi chini, ngoja sekunde mbili, kisha achia. Hapo fanya mara nne kwa kuachia taratibu na mara nne kwa kuachia ghafla. Pedali nayo kupanda na kushuka, taratibu na haraka, mara sita kila aina, lakini hapo ondoa blanketi, kwa sababu uzuri wa pedali ni ule mnong'ono wa nyuzi zote zikiachiwa na vizimio kwa pamoja.

Kisha zipange kwenye faili la SFZ, ambalo ni maandishi matupu yanayoiambia kompyuta rekodi ipi ilie kwa noti ipi, na lifungue kwa programu ya sfizz, ambayo ni ya bure. Vishindo viweke `pitch_keytrack=0`, kwa sababu meza ya vibonyezo haipandi noti pamoja na uzi; ukikiacha kishindo kifuate noti, huko juu kinasikika kama kijiko. `seq_length=4` na `seq_position` kutoka 1 hadi 4 vinazungusha zile rekodi nne. `amp_random=4` na `delay_random=0.008` vinavunja ulingano. Kwa nguvu za chini, tuseme `hivel=50` (kibodi inahesabu nguvu ya kidole hadi 127), ongeza `delay=0.01`, na kwa nguvu za juu usiweke.

Kurudi kwa kibonyezo na kurudi kwa kizimio ni mambo mawili, na hapa wengi wanakosea. Kibonyezo kinarudi juu kila kidole kikiondoka, hata pedali ikiwa imekanyagwa; kishindo chake kiwe `trigger=release_key`. Kizimio, pedali ikiwa imekanyagwa, kinangoja hadi iachiwe ndipo kirudi kwenye uzi; hicho kiwe `trigger=release`. Ukiviweka vyote kwenye kimoja, unapata piano ambayo vibonyezo vyake kumi vinapanda kwa mpigo mmoja kila mguu unapoinuka. Hakuna mkono unaofanya hivyo.

Nguvu ya kishindo isifuate nguvu ya noti kwa ukamilifu. Mlio unapanda sana kutoka laini hadi nguvu, kishindo kinapanda kidogo. Weka `amp_veltrack=40` kwa vishindo na 100 kwa mlio, na utaona noti laini zinapata mbao zaidi, kama kwenye piano ya kweli. Anza na vishindo vikiwa desibeli 30 chini ya kilele cha mlio, pandisha hadi uvitambue, halafu shusha 3.

Wanaotumia Pianoteq, programu inayoiga piano bila rekodi, hawahitaji faili hili: ina vitelezi vya kelele ya kuachia kibonyezo, ya pedali na ya nyundo. Lakini wao pia wanakutana na kibodi yao. Kibodi nyingi za bei nafuu zinatuma nguvu ya kuachia ileile kila mara, 64, na pedali zake zinatuma 0 au 127 tu. Mtu aliyejifunza kupiga kanisani akishindana na ngoma hashuki chini ya 60 hata akijitahidi. Badilisha mkunjo wa nguvu (mpangilio wa jinsi kibodi inavyopima nguvu ya kidole) ili mkono wake wa kawaida uangukie kati ya 15 na 45. Na usinyooshe noti zote kwenye gridi, ile mistari ya mapigo kwenye programu: ukizinyoosha, miisho yake inanyooka nayo, na vishindo vitano vya kurudi vinaangukia wakati mmoja na kuwa "pu" moja kubwa. Vidole vya kweli vinaachana kwa milisekunde 10 hadi 40 hata kwenye kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja.

Kuchanganya

Hapa tunakwenda haraka, kwa sababu rekodi nzuri inahitaji kidogo. Kata chini ya hezi 35, usikate kwenye 100 kama mnavyofanya kwa sauti ya kuimba. Uzito wa kibonyezo unakaa huko kati ya 60 na 200, na ukiuondoa unabaki na mikwaruzo bila mwili. Mbano (kompresa, inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) wa 2 kwa 1, ukianza taratibu, milisekunde 30, na ukiachia kwa 200. Mbano wa haraka unaruka kila noti inapoisha na kuvivuta vishindo vya kurudi mbele ya mlio. Programu za kufuta kelele ziache zisiguse wimbo mzima. Zinakula felti kwanza na mvumo baadaye. Kishindo kimoja kibaya kikate kwa mkono na uzibe pengo kwa ile dakika ya chumba kitupu.

Mwangwi mrefu upelekee mlio wa mikro ya nyuma. Mikro za mbele, au njia ya vishindo, zipate chumba kifupi tu, chini ya sekunde moja. Kibonyezo kinachopata mwangwi wa kanisa kuu kinageuka mlango unaofungwa.

Mwisho wa wimbo acha noti ife yenyewe hadi pedali iachiwe. Vizimio vikishuka, hesabu sekunde mbili, mguu uondoke kwenye pedali, benchi lilie kama litalia, halafu ndipo ushushe sauti taratibu kwa sekunde mbili nyingine.